Mkwe Aliyetafsiri Kutoka Jikoni

Mimi nikitazama sinema ya kushtua sifai kwa lolote. Napiga kelele. Namwambia mtu wa kwenye kioo, "Nyuma yako! Nyuma yako, wewe!" kana kwamba ananisikia. Nasimama, naketi, namshika aliye karibu, chai inamwagika. Mume wangu alinizoea mapema, na majirani wa ploti yetu ya Kitengela walinizoea kwa lazima maana kuta zilikuwa nyembamba. Mamangu ndiye hakunizoea hata siku moja. "Hivi huyu mtoto nilimzaa sokoni?" alikuwa akiuliza watu.

Hii ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo, wakati ambapo kila nyumba yenye stima ilikuwa inanunua mashine ya DVD, na karibu na steji ya matatu pakafunguliwa kibanda cha kukodisha diski. Sisi tulikuwa wapangaji kama wengine: tumetoka magharibi, mume wangu karani katika kiwanda upande wa Athi River, mimi mwalimu wa shule ya chekechea, nyumba yetu sebule moja, chumba kimoja, na jikoni ndogo yenye mlango wa nyuma.

Mama alikuja kwetu kwa sababu ya macho. Alikuwa ameanza kumwaga chumvi nje ya sufuria. Tulipompeleka Kajiado, kwenye hospitali ambako daktari wa macho alikuwa akija mara moja moja, aliambiwa ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na kwamba akipasuliwa ataona. Lakini presha yake ilikuwa juu. Ameze dawa kwanza, daktari akirudi mwezi ujao ndipo afanyiwe.

Mwezi mzima! Na mama alikuwa anaogopa kisu kuliko alivyoogopa giza. Kulikuwa na mwanamke mmoja wa kanisa lao, alisema, aliyekwenda kupasuliwa akitembea mwenyewe na akarudi akishikwa mkono. Basi kila wiki akawa na wimbo uleule: "Jumamosi naenda nyumbani. Maharagwe yangu yanaoza shambani." Nilimjua mamangu. Akipanda gari la kwenda nyumbani harudi tena, na hayo macho yatazimika moja baada ya jingine. Kazi yangu ikawa hiyo tu, kumweka Kitengela mpaka daktari arudi, na sikujua nitamweka na nini. Kamba sikuwa nayo.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaketi chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawaongei moja kwa moja kama wewe na mimi. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo haijui kwamba Kitengela nyumba ni ndogo. Mama alilala na kula kwa jirani yetu wa mlango wa pili, mjane Mkamba aliyekuwa akishona sare za shule. Mume wangu akitoka kazini alikohoa tangu getini, kikohozi kikubwa cha kujulisha watu, na mama alijifunika leso kichwani na kugeukia ukuta mpaka apite. Tangu nilipoolewa, salamu zao zilikuwa hizo tu: huyu anakohoa, yule anageuka.

Sasa siku hiyo mume wangu akarudi na diski za mfululizo ambao kiwanda kizima kilikuwa kinauzungumzia. Mpelelezi mmoja anaambiwa asubuhi kwamba kuna watu wametia sumu kwenye tangi moja la maji ya jiji kubwa, na haijulikani ni tangi lipi. Ana siku moja tu. Na utamu wake ni huu: saa yao ilitembea sawa na saa yetu. Hakuna "kesho yake", hakuna "baada ya wiki mbili". Akipanda ngazi, unapanda naye ngazi zote. Saa inaonekana pembeni ya kioo ikihesabu, na kila sehemu ilichukua saa moja na kuishia mahali pa kukuua roho.

Sehemu ya kwanza tulitazama mimi na jirani tu. Nilipiga kelele hadi mama, aliyekuwa nje akichambua mboga, akaja mlangoni akifikiri kuna nyoka.

"Ni nini?"

"Mama, wametia sumu kwa maji!"

"Maji gani? Haya yetu ya mkokoteni wa punda?"

Tulipomweleza akaketi. Alivuta kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akaona rangi rangi tu zikipita, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Shida ikawa Kiingereza. Nilijaribu kumtafsiria, walahi nilijaribu. Lakini mpelelezi akianza tu kukimbia, mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba nina mama. "Wewe unapiga kelele tu," akalalamika. "Hunisemei kitu."

Aliyejua kutafsiri vizuri ni mwenye TV, na mwenye TV hakuruhusiwa kuingia sebuleni kwake. Ndipo tukapanga mpango ambao sijauona kwingine. Mume wangu aliingia kwa mlango wa nyuma, akaketi jikoni kwenye debe, pazia likiwa limeshushwa mlangoni. Alisikia kila neno ila hakuona kitu. Mama aliketi mbele ya kioo, na yeye pia hakuona kitu. Katikati nikaketi mimi.

"Mwambie mama," alianza mume wangu, "kwamba mkubwa wake anamwambia arudi ofisini."

"Mama, mkubwa wake anamwambia arudi ofisini."

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

Alikuwa amesikia tangu mwanzo, bila shaka, pazia si ukuta. Lakini heshima ilitaka maneno yapitie kwangu. Nami nikishikwa na sinema yalikwama hapo. Huku sauti inasema, "Mwambie mama! Mbona humwambii?" na huku mama anasema, "Mwambie aseme tena!" wakati mimi nimesimama juu ya kochi. Na pale sinema iliponyamaza kwa sababu mtu anatambaa kimyakimya, aliyeteseka ni mume wangu. "Kunaendaje huko? Amekufa?" Jirani akawa macho yake. "Hajakufa. Ako chini ya gari. Sasa ametoa kichwa. Woi! Amekirudisha!" Bunduki ikalia. "Mwambie mama hiyo ni bunduki," alisema mume wangu. Mama akajibu, "Mwambie hata kule nyumbani wameisikia."

Siku ya pili tukapata mtazamaji mwingine, mzee Mmaasai aliyetuletea maziwa kila jioni kwa baiskeli. Alisimama mlangoni akingoja nimwage maziwa kwenye sufuria, akatupa jicho kwa TV, na hilo jicho halikurudi. Akaweka mtungi chini. Kuanzia hapo ploti zote zilizofuata baada yetu zilipata maziwa yakiwa yamechelewa, na watu walinuna.

Maoni, jamani! Kila mmoja alikuwa na yake, na hakuna aliyekubali ya mwenzake.

"Huyu mtu tangu asubuhi hajaweka kitu mdomoni," jirani alilia. Hilo ndilo jambo lililomsumbua kuliko sumu. "Hata chai! Ataanguka kabla hajashika mtu. Mkewe ako wapi?"

"Anakimbia ovyo," mzee alisema. "Kule Bissil ng'ombe akipotea, hukimbii. Unaketi kwanza, unafikiri. Alikuwa ameshiba ama alikuwa na njaa? Nani amepita hapa leo? Huyu anaingia kwa nyumba ya watu na bunduki, hata hasalimii. Hakuna sopa, hakuna kitu."

"Saa ya kusalimia iko wapi na maji iko na sumu?" nikamrukia.

"Angesalimia angekuwa ameshaambiwa," mama akasema, na mzee akampa mkono hapohapo. "Yeyo," alimwita, yaani mama kwa Kimaasai, "wewe uko na akili."

Na maji yenyewe! Sisi mifereji yetu ilikuwa ya mapambo. Maji tulinunua mtungi kwa mtungi kwa mikokoteni ya punda, na mama hakuelewa jiji kubwa linawezaje kunywa kitu ambacho halikukiona kikiletwa. "Wangekuwa na punda," alisema, "ungemshika mwenye punda, umuulize ametoa wapi, kesi iishe." Jirani alicheka hadi akashika mbavu. "Sumu ingeletwa Kitengela ingeoza kwa tangi ikingoja maji yaje!"

Kisha kulikuwa na swali la msaliti. Ndani ya ofisi ya mpelelezi kulikuwa na mtu anayewaambia maadui kila kitu. Mimi nilisema ni dereva, macho yake hayakutulia. Mzee alisema ni mkubwa wao, mtu mwenye ndevu nyingi, kwa sababu haondoki kwenye kiti: "Mchungaji asiyetoka nje, ng'ombe zake ni za fisi." Mama alimshuku karani wa kike mwenye sauti nyororo. "Mtu ambaye hapandishi sauti hata siku kama hii," alisema, "huyo ameshapanga siku yake." Mume wangu kutoka jikoni: "Mwambie mama hata mimi namshuku huyo." Mama akatabasamu kuelekea TV, akajitengeneza leso. Nikashangaa. Walikuwa wamekubaliana jambo, hawa wawili.

Ijumaa moja begi la mama lilikuwa limefungwa, tayari kwa safari. Jioni hiyo sehemu iliishia mpelelezi amefungiwa ndani ya tangi tupu na mtu nje anafungulia maji. Saa ikahesabu, kioo kikawa cheusi. Nilipiga kelele mpaka mtoto wa ploti ya nyuma akaanza kulia. Asubuhi mama akaja akiwa hana begi.

"Nitaenda Jumatatu," alisema kama mtu ambaye hajali. "Nimwone kwanza ametoka kwa hilo tangi."

Nilikimbia chumbani nikamwamsha mume wangu kwa kumpiga mgongoni. Aliketi kitandani akafikiri, halafu akacheka polepole. "Basi tumepata kamba ya kumfunga," akasema. "Sehemu moja kwa siku. Mtu asiniombe ya pili."

Majirani walitaka kutupiga. Diski moja ilikuwa na sehemu nne, na jirani hakuona sababu ya kuteseka. Nikampeleka kando, nikamweleza habari ya daktari na tarehe. Akashika mdomo. Kuanzia hapo alikuwa wa kwanza kusema, "Inatosha kwa leo, macho yangu yamechoka." Na mume wangu naye akapunguza mwendo. Alikuwa na rimoti kule jikoni, anasimamisha sinema kila baada ya maneno matatu ili aeleze. Saa yao moja ikawa kwetu mbili na zaidi. Mama aliona hiyo saa ya kwenye kioo ni ya uongo. "Hawa watu wanasema saa moja," alinung'unika, "na matako yangu yanasema nyingine."

Lakini bado alikuwa haongei habari ya upasuaji. Ukiutaja, anainuka. Nilimwomba, nikamkaripia, nikamletea mchungaji. Hakuna.

Jioni moja mpelelezi alikuwa garini, simu ikalia. Kioo kikagawanywa pande mbili kama walivyopenda kufanya, huku yeye, huku anayepiga. Alikuwa yule mkubwa mwenye ndevu, na alikuwa anamtukana kwa ajili ya gari lililovunjwa. Nilisikia Kiingereza chote vizuri sana. Jikoni debe likalia. Kisha mume wangu akasema:

"Mwambie mama huyo anayepiga simu ni mamake."

Niligeuka kuliangalia pazia.

"Mwambie!"

"Mama... ni mamake."

"Maskini," mama akasema. "Anataka nini saa kama hii?"

"Mwambie mama anasema ametoka hospitali. Amepasuliwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho."

Jirani aliacha kushona. Mama akainua kichwa, na hakungoja nirudie.

"Na anaona?"

"Anaona," mume wangu akajibu, naye amesahau kupitia kwangu. "Anasema jambo la kwanza aliloona ni vumbi juu ya kabati. Amegombana na kila mtu nyumbani."

Mama alicheka, kicheko cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu aje. Na hapo mzee wa maziwa, aliyekuwa amekaza macho kwa TV kwa bidii zake zote, akauliza kwa sauti:

"Lakini huyu mama mbona ako na ndevu?"

Nilimkanyaga. Alikuwa amevaa akala za tairi, nikaumia mimi. "Mzee, kunywa chai," nikasema nimeuma meno. Jirani akarukia, "Ni kivuli! Hii TV imeanza kusumbua." Mzee akanitazama, akamtazama mama aliyekuwa ameegemea kioo kwa uso wake wote, akaelewa. Akanywa chai yote kwa mara moja.

"Eee," akasema. "Ni kivuli." Kisha akaongeza bila kuombwa, "Hata kule kwetu Bissil kuna yeyo mmoja alipasuliwa. Saa hii anahesabu mbuzi zikiwa mlimani." Sijui kama ni kweli.

Basi mamake mpelelezi akaanza kupiga simu kila siku. Mkubwa akifoka, ni mama anamhimiza mwanawe ale. Mkubwa akigonga meza, ni mama anasimulia jinsi daktari alivyomwekea dawa ya kufa ganzi, jinsi hakusikia uchungu, jinsi ilivyochukua muda mfupi kuliko kukaanga samaki. Mamangu alimpenda huyo mwanamke kuliko mpelelezi mwenyewe. Alimuulizia kabla hata diski haijaingia: "Leo atapiga?" Nikamwendea mume wangu jikoni, nikamwambia, wewe ni mwongo wa kuogopwa. Akasema, "Mimi? Mimi ni mtafsiri."

Siku ya daktari ikafika ikiwa imebaki nusu ya sehemu moja na diski ya mwisho. Mama alikubali kwenda "kusikia atasema nini", si zaidi. Tulipata pikapu ya mpwa wa mzee. Mama na mimi mbele, mume wangu nyuma kwenye upepo wa Isinya, amejifunga koti kichwani, kwa sababu hata barabarani heshima ni heshima.

Hospitalini kulikuwa na benchi ndefu ya wagonjwa wa macho. Walimpima presha, ilikuwa imeshuka. Wakamtia matone. Kisha nesi akaja mlangoni akamwita, na mama akashika nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

"Sitaki."

"Mama!"

"Nimesema sitaki. Macho ni yangu. Nipelekeni nyumbani."

Nilipoteza akili. Nilipiga kelele kuliko siku zote za mfululizo. Nilimwambia ananiaibisha, nikamwambia atakufa akipapasa kuta, nikamwambia mengine ambayo mtu hamwambii mamake. Nesi akanikemea. Mama akazidi kukumbatia nguzo, uso umefungwa. Nesi akasema kama hayuko tayari atamwita anayefuata, daktari ana watu wengi. Nikakaa chini kwenye saruji, nikalia. Nilijua tumeshindwa, kwamba amekwenda, kwamba jambo limeisha.

Mume wangu alikuwa amesimama nje ya baraza, ng'ambo ya ukuta mdogo, ametupa mgongo kama inavyotakiwa. Sikuona kama ameondoka ama yupo. Kisha nikasikia:

"Mama."

Hakusema mwambie mama. Alisema mama. Mama akageuza kichwa upande wa sauti, na mimi nikanyamaza kulia ghafla kama niliyefungwa mfereji.

"Mama, jana tuliachia katikati, mahali ambapo mpelelezi amefika kwa tangi la mwisho. Si ndiyo?"

Mkono mmoja wa mama ulilegea kwenye nguzo.

"Amefika. Amechoka, hajala, unajua vile yuko. Tangi ni kubwa kama kanisa. Mlango umefungwa kwa mnyororo. Watu wa mji wote wameamka, wanataka kufungulia maji, chai iko tayari kuwekwa motoni. Simu inalia. Ni mamake. Anamwambia, mwanangu, usivunje huo mnyororo kwanza. Weka sikio."

Alisema yote hayo akiwa ametupa mgongo, akiongea na mti wa mgunga uliokuwa mbele yake. Wazee wenye pamba machoni walikuwa wamegeuza masikio. Nesi alisimama na trei yake.

"Akaweka sikio kwenye chuma," mume wangu akaendelea, taratibu. "Chuma ni baridi. Akashika pumzi. Na ndani ya tangi, mama, akasikia..."

Akaanza kukung'uta vumbi kwenye koti lake.

"Akasikia nini?" mama akauliza.

"Daktari anakungoja."

"Akasikia nini, wewe kijana?"

"Ukitoka nitakuambia."

"Sema sasa!"

"Ukitoka, mama."

"Haki huyu mtu ni mbaya!" mzee mmoja akalia kutoka kwenye benchi. Mwanamke aliyekuwa kando yake akapiga paja. "Mama, ingia haraka, hata sisi tunataka kujua!" Benchi nzima ikaanza: ingia, mama, ingia! Mama akaachilia nguzo. Akamtukana mkwe wake kwa lugha yetu, tusi refu la heshima, lenye mbuzi na ukoo ndani yake, akaweka mkono kwenye bega la nesi, akaingia. Nilikuwa nimesimama nikishangilia kama niko uwanjani.

Alipotolewa, jicho moja limefungwa kitambaa cheupe, la pili limeachwa kwa safari nyingine, neno lake la kwanza halikuwa kwangu. "Alisikia nini?" Mume wangu, bado ametupa mgongo, akasema, "Alisikia mtu anabisha kutoka ndani." Na benchi ikapiga makofi.

Kesho yake walimfungua. Alipepesa, akatokwa na machozi, akanitazama kwa muda. "Umenenepa," akasema. "Na hizo nywele umezifanyaje?" Sijawahi kusifiwa kwa maneno matamu kama hayo. Nililia mpaka nesi akaniletea kiti.

Turudi Kitengela. Siku chache baadaye mama aliomba sehemu ile ya tangi irudiwe tangu mwanzo, aione kwa jicho lake. Sote tukaketi, mume wangu jikoni. Simu ya mpelelezi ikalia, kioo kikagawanyika, na mkubwa akatokea na ndevu zake zote, akapiga meza kwa ngumi.

Mama akamtazama.

"Huyu ni nani?"

Jirani akaona uzi wake umekwama kwenye sindano. Mzee akakumbuka kwamba maziwa ya watu yanachelewa, lakini hakuinuka. Jikoni hata debe halikulia. Mpelelezi akafika kwa tangi, hakuweka sikio mahali popote, akavunja mnyororo kwa risasi moja. Ndani hapakuwa na mtu. Mama aliangalia mpaka kioo kikawa cheusi. Nilifikiri, sasa amejua alidanganywa, na mama si mtu wa kudanganywa.

Akageuza kiti chake, kiti chenyewe, kikatazama pazia la jikoni.

"Mwambieni mkwe wangu," akasema, "yule mamake mpelelezi anyoe."

Tulianguka. Mzee alicheka hadi akakohoa, jirani akajifuta macho kwa sare ya mtoto wa watu. Kutoka jikoni kicheko kilikuja kimechelewa, na hakikuwa kicheko kitupu.

Jumamosi mama alifunga begi, na safari hii sikuwa na neno. Diski ya mwisho ilikuwa juu ya TV. Jirani alimsihi, mzee alimsihi, mimi nikamsihi zaidi, maana hatukuwa tumejua msaliti ni nani na maji yamepona ama vipi. Akakataa kata kata. "Tazameni nyinyi. Mimi msiniambie." Nilimfuata mpaka getini nikiwa nimekasirika, nikamuuliza kwani hana roho ya kutaka kujua? Amerudishiwa jicho la kufanyia nini?

Alisimama akanitazama vizuri, na sasa aliweza.

"Mtoto wangu, tangu uolewe mimi na huyo kijana wa watu tunakoholeana tu. Hii sinema imetupa maneno. Nikiuona mwisho, ataniambia nini tena?"

Nilimbebea begi mpaka steji bila kupiga kelele hata moja.

Jumapili iliyofuata simu ya mume wangu ililia mezani. Niliona ni namba ya kakangu wa nyumbani, nikainyakua kwa furaha, nikaita, "Mama!"

"Sikukutafuta wewe," akasema. "Nipe mkwe wangu."